Magari ya Moshi Katika Usiku wa Baridi

Mtoto mmoja wa darasa la tano alituletea kitabu kilichofunguliwa penye picha, akauliza, "Mwalimu, hiki cheupe kilicho juu ya gari ni moshi au ni wingu?" Picha ile ilionyesha gari la moshi likipita usiku kando ya nyumba, na juu ya injini limesimama wingu kubwa, jeupe kama pamba iliyochambuliwa, na nyuma yake mbingu nyeusi kabisa. Tulimjibu upesi kwamba ni moshi, tukaendelea na hesabu. Jioni tulipokitazama kitabu kile tena tuliona ya kuwa tumemjibu vibaya. Moshi wa makaa ya mawe ni mweusi au wa kijivu. Kile cheupe kilikuwa mvuke, na ulionekana mkubwa vile kwa sababu usiku ule ulikuwa wa baridi.

Wasomaji wetu wa Njombe, Lushoto na Limuru walijua jambo hili pasipo kufundishwa na mtu. Asubuhi ya mwezi wa Julai mtu akisema neno, pumzi yake huonekana mbele ya kinywa kama moshi. Mtu yule yule akishuka pwani aweza kusema mchana kutwa asione kitu. Ndivyo ilivyo injini ya mvuke. Ndani yake mna tanuru, na mna tangi kubwa la maji. Makaa huwaka tanuruni, maji huchemka, na mvuke husukuma vyuma viendavyo mbele na nyuma, navyo huzungusha magurudumu. Mvuke ukiisha kufanya kazi hiyo hutolewa kwa nguvu katika dohani pamoja na moshi wa moto. Ndiyo sauti ile ya kuhema ambayo wazee waliokaa karibu na reli hawajaisahau. Hewa ikiwa ya joto mvuke hutoweka upesi. Hewa ikiwa ya baridi, hugeuka mara moja kuwa matone madogo yasiyohesabika, ukasimama juu ya gari na kulifuata nyuma kama ushungi.

Basi tuliporudi kumsahihishia yule mtoto jibu lake, tulikuwa tumekwisha kusoma habari za mtu aliyeipiga picha ile, na twaona inafaa kuzieleza hapa, maana ni habari za mtu aliyefanya kazi mbio kabla kitu hakijatoweka.

Jina lake ni O. Winston Link. Alizaliwa Brooklyn, katika mji wa New York, tarehe 16 Desemba 1914. Alisomea uhandisi wa ujenzi akahitimu mwaka 1937, lakini hakwenda kujenga madaraja. Alishika kazi ya kupiga picha za matangazo ya biashara. Wakati wa vita kuu ya pili alifanya kazi katika maabara moja ya Long Island, ambako walitengeneza chombo cha kugundua nyambizi baharini kutoka katika ndege. Mwaka 1946 alifungua chumba chake mwenyewe cha kupigia picha huko New York. Twayataja haya kwa kuwa yatatufaa mbele: mtu huyu alijua waya na umeme kama fundi, na alijua kupanga watu na vitu mbele ya kamera kama mtu wa matangazo. Mapenzi yake ya tangu utotoni yalikuwa magari ya moshi.

Reli aliyoipiga picha iliitwa Norfolk and Western. Ilianzia bandari ya Norfolk, kwenye bahari ya Atlantiki, ikapita mji wa Roanoke katika jimbo la Virginia, ikapanda milima ya Appalachia mpaka Bluefield na mabonde ya West Virginia yenye migodi ya makaa ya mawe, kisha ikashukia Ohio. Tawi lake moja lilitoka Roanoke likaelekea kaskazini katika bonde la Shenandoah mpaka mji wa Hagerstown, jimbo la Maryland. Kampuni hii iliishi kwa makaa ya mawe. Kuyatoa migodini na kuyafikisha bandarini ndiyo iliyokuwa biashara yake kubwa. Kwa hiyo makampuni mengine ya Marekani yalipokuwa yakizitupa injini za mvuke na kununua za dizeli, hii ilikawia. Makaa yalikuwa mlangoni pake, na wateja wake walikuwa wenye migodi. Angewezaje mchuuzi wa samaki kupika nyama mbele ya wavuvi wake?

Tena kampuni ilikuwa na karakana yake Roanoke, na humo iliunda injini zake yenyewe, jambo ambalo makampuni machache sana ya reli yalikuwa yakilifanya wakati huo. Kwa abiria ziliundwa injini 14 za aina iliyoitwa J, kati ya mwaka 1941 na 1950, nyeusi, zenye mstari mwekundu ubavuni, laini mwili mzima kama samaki. Kwa mizigo ya mbio palikuwa na aina ya A. Kwa makaa yaliyopandishwa milimani palikuwa na aina ya Y6, yenye magurudumu 16 ya kuvuta, ambayo mvuke wake ulifanya kazi mara mbili: ulikwisha kusukuma mitungi midogo, ndipo ukapelekwa katika mitungi mikubwa ya mbele ukasukuma tena kabla ya kutoka. Injini ya mwisho ya mvuke ilitoka katika karakana ile mwaka 1953. Tangu hapo mtu yeyote mwenye macho aliweza kujua kwamba siku zinahesabika.

Januari 1955 Bw. Link alitumwa Staunton, katika jimbo la Virginia, kupiga picha za matangazo ya mitambo ya kupoza hewa. Mitambo ya kupoza hewa, katika Januari! Lakini wafanya biashara hawangoji joto lije ndipo wauze. Akiwa Staunton alisikia kwamba Waynesboro si mbali, maili 12 tu, na kwamba magari ya Norfolk and Western yapita hapo. Jioni alikwenda kutazama. Aliona stesheni ndogo, taa za mafuta, wafanyakazi wakizunguka injini, na mvuke ule katika baridi. Usiku uliofuata, tarehe 21 Januari, alirudi na kamera na taa, akapiga picha yake ya kwanza ya usiku katika reli ile. Kisha aliiandikia kampuni kuomba ruhusa ya kuingia katika njia zake, stesheni zake na karakana zake. Mkuu wa kampuni wakati huo, Robert H. Smith, alikubali. Kampuni haikumwajiri. Gharama za kazi ile alizibeba mwenyewe, kwa fedha alizozipata katika matangazo.

Na miezi michache baadaye, mwaka huo huo wa 1955, kampuni ilitangaza kwamba nayo itanunua injini za dizeli.

Hapo kazi yake iligeuka. Aliyekuwa akipumzisha moyo wake sasa alikuwa akishindana na saa. Kati ya mwaka 1955 na 1960 alisafiri kutoka New York mara kama 20, akapiga picha kiasi cha 2,400. Alipiga katika majira yote ya mwaka, hata katikati ya joto la Agosti. Lakini kazi yake ilianza wakati wa baridi, na katika picha zake tuzipendazo sisi, nyingi ni za Desemba na Januari.

Mtu atauliza, kwa nini usiku? Wenye kupenda magari ya moshi wengine walisimama juani, jua likiwa nyuma ya mabega yao, wakapiga picha nzuri za injini. Hoja ya Bw. Link ilikuwa hii: jua haliwezi kusogezwa, na mara nyingi liko mahali pasipofaa, reli nazo haziwezi kusogezwa. Basi aliliacha jua lizame, akaleta mwanga wake mwenyewe, akaweka kila taa mahali alipopataka. Giza lilimfanyia kazi nyingine pia. Mchana, mvuke mweupe juu ya anga nyeupe huonekana kidogo tu. Usiku, wingu lile likimulikwa husimama peke yake mbele ya weusi. Na vitu asivyovitaka katika picha, nguzo mbovu au takataka za njiani, hakuvimulika, basi havikuwako.

Twapenda kukaa kidogo katika jambo la taa, maana wasomaji wengi siku hizi hupiga picha kwa simu na hawajui mambo yalivyokuwa. Balbu alizotumia ziliwaka mara moja tu. Ndani ya kioo mlikuwa na nyuzi nyembamba za madini pamoja na hewa ya oksijeni. Umeme ulipopita, nyuzi zote ziliungua kwa mwanga mkali mno, na balbu ikafa hapo hapo. Balbu moja yatosha kumulika watu wa meza moja. Kumulika gari zima, na stesheni, na kilima kilicho nyuma, zilihitajika balbu makumi, nazo zilipaswa kuwaka zote kwa kufumba na kufumbua. Yeye na msaidizi wake walitandaza waya gizani kando ya reli na kupanda juu ya mapaa. Balbu zote zilifungwa katika waya mmoja, kila moja ikiifuata nyenziwe, hata ikawa moja ikiwa mbovu, au waya ukikatika mahali pamoja, hakuna hata moja iliyowaka. Chombo cha kuziwasha alikibuni mwenyewe, na kamera zaidi ya moja zilifunguliwa kwa wakati mmoja, ili moja ikikosa nyingine ipate.

Sasa fikirini usiku wa Desemba milimani. Vidole vimekufa ganzi. Waya zimekauka kwa baridi. Wametumia saa nyingi, pengine zaidi ya siku moja, kutengeneza picha moja. Kisha firimbi yalia mbali. Gari liendalo maili 60 kwa saa hupita futi 88 kwa nukta moja. Mpiga picha akichelewa nusu ya nukta, injini imekwisha kutoka katika picha. Akiwahi, ni hivyo hivyo. Na hili ndilo tulilolistaajabia kupita yote: kabla ya taa kuwaka, picha ile hakuna aliyeiona, hata yeye. Mbele yake palikuwa na giza tupu. Aliijenga kwa kukisia, kama mjenzi ajengaye nyumba kufumba macho, na nyumba yenyewe ikaonekana kwa kitambo kisichotosha kuvuta pumzi, ikatoweka. Alingoja mpaka filamu isafishwe ndipo ajue amepata nini.

Msaidizi wake mmoja wa miaka ile, Thomas Garver, aliyekuwa kijana bado, baadaye alikuwa mtu wa makumbusho, akaandika maneno ya kitabu kimoja cha picha hizi kilichotolewa mwaka 1995.

Lakini kama Bw. Link angalipiga injini tu, habari zake zingaliwafaa mafundi wa injini peke yao. Alipiga watu walioishi kando ya reli. Desemba 1955, mahali paitwapo Lithia, aliingia katika sebule ya nyumba iliyokuwa karibu kabisa na njia. Mama ameketi kitini na paka. Mtoto yuko dirishani, anapunga mkono. Nje ya kioo gari lapita. Taa zilipaswa kuwekwa ndani na nje pia, ili sebule na gari vionekane pamoja. Hakuna aliyeshtuka katika picha ile. Paka mwenyewe hakushtuka. Wamelizoea gari kama sisi tulivyozoea jogoo. Katika picha hii twaona jambo ambalo hesabu za tani na maili haziwezi kuliandika: kwamba kwa watu hawa gari la moshi lilikuwa jirani.

Picha nyingine ya Desemba 1957, huko Max Meadows, yaonyesha watu wakilitazama gari la abiria, na jina la picha lasema kuwa hilo ndilo gari la mwisho la abiria lililovutwa kwa mvuke. Aliyezoea kutazama gari kila usiku, usiku ule alitazama namna gani? Sisi tumeitazama picha kwa kitambo na hatuna neno la kuongeza.

Na palikuwa na tawi moja dogo ambalo twalipenda kwa kuwa lafanana na njia zetu za huku. Lilitoka Abingdon, likapanda na kuzunguka milimani mpaka West Jefferson, katika North Carolina, kiasi cha maili 55. Gari lake lilikuwa la mchanganyiko, yaani mabehewa ya mizigo na la abiria yamefungwa pamoja nyuma ya injini ndogo ya zamani, likaenda polepole, likasimama kila penye watu. Stesheni ya White Top katika tawi lile ilikuwa futi 3,577 juu ya bahari. Huko Green Cove alipata picha ya farasi aliyeinamisha kichwa wakati gari lilipokuwa likiingia, kana kwamba amwamkia mkubwa wake. Mwaka 1957 injini za mvuke zilikwisha katika tawi hilo.

Yafaa tuseme wazi kwamba picha hizi si vitu vilivyookotwa njiani. Vingi vilipangwa. Watu waliombwa kusimama hapa na kukaa pale. Picha yake ijulikanayo kuliko zote ni ya tarehe 2 Agosti 1956, huko Iaeger, West Virginia, mahali ambapo watu walitazama sinema wakiwa ndani ya magari yao. Balbu 43 ziliwaka pamoja. Mwanga ulikuwa mkali hata ukaifuta sinema iliyokuwa katika turubai, kwa hiyo aliipachika baadaye alipokuwa akiitengeneza picha. Wako wanaosema kwamba huu ni udanganyifu. Sisi hatukubali, ila twaona ni haki msomaji ajue. Injini ilikuwako, watu walikuwako, turubai lilikuwako, na sinema ilikuwa ikionyeshwa. Alilolipanga ni mwanga na mahali pa kila mtu, kama vile mwalimu apangavyo watoto kabla ya picha ya shule, warefu nyuma na wafupi mbele, na hakuna mzazi anayelalamika kwamba amedanganywa.

Lililo gumu zaidi ni lile lisiloonekana. Katika miaka hiyo hiyo Virginia ilikuwa na sheria za kuwatenga watu weusi na weupe, na stesheni zilikuwa na vyumba viwili vya kungojea. Novemba 1955 tume ya serikali ya Marekani iliyosimamia usafiri kati ya majimbo iliamuru kwamba kutengwa huko kukome katika magari ya moshi yavukayo mipaka ya majimbo na katika vyumba vyake vya kungojea, ifikapo tarehe 10 Januari 1956. Maana yake ni kwamba kati ya baridi ya kwanza ya Bw. Link na baridi yake ya pili, neno kubwa lilitokea katika reli za nchi ile. Ukizitazama picha zake zijulikanazo sana hutalijua. Walio wengi ndani yake ni Wazungu, katika vijiji vyenye amani. Watu weusi walifanya kazi katika reli za kusini mwa Marekani tangu mwanzo wake: walitandika reli, walisafisha injini, walitia makaa, walibeba mizigo ya abiria. Katika mwanga wa balbu zile twawaona kidogo tu. Hatusemi kwamba alikusudia ubaya. Twasema kwamba aliyemulika ndiye aliyechagua, na giza alilolisifu kwa kuficha nguzo mbovu laweza kuficha na mengine.

Na sisi tusijione wema kuliko yeye. Reli iliyotoka Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu Desemba 1901 ilijengwa na vibarua walioletwa kutoka Bara Hindi, watu 31,983, na katika hao 2,493 walikufa, mbali na Waafrika waliofyeka na kuchimba. Picha za ujenzi ule ziko. Madaraja yaonekana vizuri, na wakubwa waonekana vizuri. Nani ajuaye jina la mtu mmoja katika wale wanaoshika sururu?

Tena lipo jambo la ajabu la tarehe. Wakati ule ule ambapo Bw. Link alikuwa akikimbizana na mwisho wa mvuke Virginia, yaani mwaka 1955 na 1956, reli za Afrika Mashariki zilikuwa zikipokea injini mpya za mvuke kutoka Manchester, Uingereza, za aina iitwayo 59, jumla 34, kila moja imepewa jina la mlima wa nchi zetu. Zilivuta mizigo mizito kutoka Mombasa kupanda Nairobi, nazo zilikuwa kubwa kuliko injini zote za mvuke zilizotembea katika reli za upana wa meta moja duniani. Ziliwashwa kwa mafuta badala ya makaa. Moja, iitwayo Mount Gelai, imehifadhiwa katika makumbusho ya reli Nairobi. Wazee waliozisikia zikipanda usiku wako wangali hai, Voi, Mtito Andei, Makindu. Na sebule zao, na paka wao, na watoto wao waliopunga mikono, nani aliwapiga picha?

Turudi Virginia. Mwaka 1958 Smith aliondoka katika ukuu wa kampuni, na aliyemfuata, Stuart Saunders, aliharakisha kununua dizeli. Wenye hesabu walikuwa na sababu zao. Injini ya dizeli haihitaji tangi la maji kila baada ya maili kadhaa, wala mnara wa makaa, wala kuzibua majivu, wala kuamshwa saa nyingi kabla ya safari. Lakini kila kitu kisichohitajika kilikuwa kazi ya mtu. Fundi wa matangi, mhunzi, mpakua majivu, mtunza maji, wote walikuwa wamejifunza ufundi ambao mwaka uliofuata haukuwa na mnunuzi. Miji midogo iliyoota kwa sababu gari lilisimama kunywa maji ilibaki ikilitazama likipita bila kusimama. Injini za aina ya J zilitolewa katika kazi mwaka 1959. Mwaka 1960 mvuke ulikwisha katika reli yote. Injini nyingi zilikatwa vipande, zikauzwa kama vyuma chakavu. Ya aina ya J iliyobaki ni moja tu, namba 611, iliyoundwa mwaka 1950. Ilitengenezwa ikatembea tena mwaka 1982, ikapumzishwa, ikatembea tena mwaka 2015.

Picha nazo zilikaa kwa miaka mingi pasipo kutazamwa na wengi. Bw. Link aliendelea na matangazo yake. Katika miaka ya 1980 makumbusho yalianza kuzionyesha, na mwaka 1987 kitabu chake cha kwanza kilitolewa. Mzee alionekana hata katika sinema moja ya mwaka 1999, akiwa dereva wa gari la moshi. Twadhani siku ile hakuhitaji kufundishwa kazi. Alifariki tarehe 30 Januari 2001, naye ana miaka 86. Mwaka 2004 jumba la picha zake lilifunguliwa Roanoke, ndani ya stesheni ya zamani ya abiria ya kampuni ile ile.

Tumeuacha usiku mmoja makusudi, tuuseme mwisho. Bw. Link hakuridhika na picha. Alibeba pia mashine ya kunasa sauti, maana alijua kwamba injini ikikatwa vipande hata sauti yake itakuwa imekwenda, na sauti haina mabaki ya kuwekwa uwanjani. Aliuza sahani za santuri zenye sauti hizo. Mkesha wa Noeli wa mwaka 1957 alikuwa Rural Retreat, mji mdogo katika nyanda za juu za kusini magharibi mwa Virginia. Hapo alikuwa amekwisha kupiga picha ya msimamizi wa stesheni, mzee, amesimama gizani na kandili mkononi, akilipa gari la abiria namba 17 ishara ya kuondoka. Gari hilo lilikuwa likielekea kusini, Birmingham, katika jimbo la Alabama.

Usiku ule wa mkesha mpigaji wa kinanda wa kanisa alipiga nyimbo za Noeli kwa sauti za kengele, na vipaza sauti vikazitoa nje juu ya mji. Mashine ilikuwa ikinasa. Kwanza zasikika kengele peke yake katika hewa ya baridi. Kisha firimbi, mbali sana, mara ya kwanza mtu aweza kudhani ameisikia vibaya. Kisha karibu. Gari laingia, laguna, lasimama, na injini yapumua pale pale kama mnyama aliyefungwa, na kengele za kanisa zaendelea juu yake bila kuharakisha. Watu washuka, wengine wapanda. Mzee apunga kandili yake. Injini yavuta, polepole, kisha upesi, na firimbi yalia tena upande wa pili wa mji, na tena mbali zaidi, na tena. Baadaye hakuna gari. Kengele bado zapiga wimbo wake mpaka mwisho.